Injini za Liemba

Meli inayojulikana leo kama Liemba iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, na jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Ziwa Tanganyika halina njia ya meli kubwa kuingia kutoka baharini, kwa hiyo meli ilifumuliwa na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo yalifika Dar es Salaam, yakapandishwa treni ya reli ya kati mpaka Kigoma. Huko mafundi watatu wa Papenburg, pamoja na vibarua wenyeji, waliunganisha vipande kwa ribiti. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915, ikiwa na urefu wa mita 70 na ushei na ikisukumwa na injini za mvuke.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoipa sifa. Wajerumani walipolazimika kuondoka Kigoma, hawakutaka adui aikute, lakini hawakutaka pia kuiangamiza. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito. Kazi hiyo inaonekana ndogo, kumbe ndiyo iliyoamua yote yaliyofuata. Chuma hakishiki kutu kwa maji peke yake: kutu huhitaji maji na oksijeni kwa pamoja, na grisi iliyoganda huvizuia vyote viwili visifike kwenye chuma. Maji ya ziwa nayo hayana chumvi ya bahari, ambayo huiharakisha kutu kupita kiasi. Kwa hiyo chombo hiki kilizamishwa na watu waliojua kwamba huenda kikahitajika tena.

Wabelgiji waliwahi kuiopoa, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza ndio walioinua chombo hicho kwa kudumu mwaka 1924. Walipoondoa matope na grisi waligundua kwamba injini na boila bado zinafaa, zikahitaji matengenezo tu. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe ambalo David Livingstone aliwahi kuliandika.

Kwa karibu nusu karne iliyofuata, fundi wa Liemba alikuwa mtu wa mvuke. Injini ya mvuke humwonyesha fundi ugonjwa wake: mvuke unaovuja huonekana, fimbo na mikono inazunguka mbele ya macho, na beringi iliyokauka mafuta huanza kupata moto mapema, kabla haijavunjika. Boila ilikuwa na tabia yake nyingine. Maji yakipungua chini ya kiwango, mabomba huungua, na magamba ya madini yakijaa ndani, moto mwingi hutoa mvuke kidogo. Kinachoharibu injini ya namna hii ni uzembe wa muda mrefu zaidi kuliko hitilafu ya ghafla.

Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa na dizeli ikachukua nafasi. Fundi alibadilika pia. Dizeli huficha kazi yake ndani ya silinda, kwa hiyo hitilafu yake hutambuliwa kwa sauti na kwa moshi. Moshi mweusi huashiria mafuta yasiyoungua vizuri, mara nyingi kwa hewa kidogo au nozo mbovu. Wa bluu huonyesha oili inaungua kwa sababu ya ringi zilizochakaa. Mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto huweza kuwa maji yanayopenya kwenye silinda. Injini inayokataa kuwaka kabisa huchunguzwa kwanza kwa mafuta: filta iliyoziba, maji katika tangi, au hewa iliyonaswa kwenye mpira wa mafuta. Ukarabati mwingine mkubwa wa Liemba ulifanyika mwaka 1993 kwa msaada wa Denmark.

Watu wa Mkoa wa Simiyu, ambao hufika Ziwa Victoria upande wa Lamadi kwenye Ghuba ya Speke, wana mfano ulio karibu zaidi. MV Victoria ilijengwa Scotland, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ilibaki Tanzania. Injini zake zilichoka mpaka ikasimama mwaka 2014. Safari hii haikutosha kuondoa grisi na kuwasha: meli ilifungiwa injini mpya kabisa, na mwaka 2020 ikaanza tena kuchukua abiria kati ya Mwanza na Bukoba kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu.