Mgambo, Mitambo na Mpaka wa Ruvuma

Neno mgambo ni kongwe kuliko jeshi linaloitwa kwa jina hilo. Katika Kiswahili cha mwambao lilikuwa ni tangazo la kuwaita watu, likitanguliwa na mbiu ya pembe, na methali isemayo la mgambo likilia kuna jambo ingali vinywani mwa vijana ambao pembe yenyewe hawakupata kuiona. Siku hizi, mijini, jina hilo limechujuka: humkumbusha mtu askari wa halmashauri anayewakimbiza wachuuzi wa matunda. Ni bahati mbaya, kwani kule kusini, kutoka Mikindani hadi mlango wa mto Ruvuma, mgambo alikuwa mkulima, mvuvi au fundi aliyeiacha kazi yake kwa muda akashika bunduki, kisha akairudia. Makala haya yanamtazama mmoja katika hao, fundi wa mitambo, ambaye waandishi wa historia ya vita aghalabu humpita bila ya salamu.

Mitambo ya mafuta iliingia kusini kwa wingi pamoja na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ni watoto wa mradi huo. Reli iling'olewa mapema miaka ya 1960, bandari ikabaki. Zana nyingi za mradi zilikuwa mabaki ya Vita vya Pili vya Dunia, hata matrekta yaliyoitwa Shervick, ambayo yaliundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Ufundi wa injini katika nchi ile, basi, ulinuka jeshi tangu siku ya kwanza.

Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita vya ukombozi wa Msumbiji, na Ruvuma ukawa ukingo wa mapigano. Nachingwea ikageuka kambi ya mafunzo ya wapiganaji, na mjini Mtwara FRELIMO ikawa na hospitali iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyefia vitani. Wanavijiji wa upande wa Tanzania nao hawakusalimika na mabomu ya Wareno. Hofu hiyo ni moja ya sababu zilizoufanya mkoa wa Mtwara utangulie mikoa mingi katika kukusanyika vijijini: kijiji cha ujamaa kilikuwa mahali pa kulima pamoja, na pia pa kulindana.

Mnamo Novemba 1970 Wareno waliivamia Guinea, na Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka Uganda. Mwezi uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, uliotaka ulinzi wa taifa uwe mikononi mwa wananchi wenyewe. Mafunzo ya mgambo yakaenea vijijini, maofisini na viwandani. Fikra ilikuwa njema, walakini ilibeba swali ambalo halijibiwi kwa gwaride: anapoitwa fundi, nani atabaki na mashine?

Swali hilo si dogo. Jenereta la mawimbi 50 lenye ncha nne za sumaku sharti lizunguke mara 1,500 kwa dakika. Kidhibiti mwendo kikilegea, taa hupepesa na vyombo vya mawasiliano huweza kuungua. Pwani ina maadui wengine. Tangi lililojaa nusu hutoa jasho ndani usiku. Maji hayo huingia katika dizeli, nozeli zikala kutu, injini ikatoa moshi mweupe na kukataa kuwaka. Chumvi ya upepo wa bahari hutua juu ya koili, ikanyonya unyevu, umeme ukavuja. Fundi mwenye subira hufungua, huosha, hukausha koili kwa jua au kwa joto la taa, na haliwashi mpaka ameridhika. Mwenye pupa huliunguza, na hapo ni kusuka upya, waya kwa waya. Maarifa haya hayafunzwi kwa miezi michache ya mgambo. Mtu huja nayo kutoka gereji. Mashine ya kusaga ya kijiji nayo inayangojea maarifa hayo hayo, na isipokuwapo mikono ya kuifufua, wanawake hurudi kwenye kinu na mchi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vilivyowaita mgambo kwa maelfu, vilirefusha ngojeo kama hizo nchi nzima.

Sisi wa visiwani tusilione jambo hili kuwa la mbali. Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka waya wa baharini ulipofika kutoka Tanga 2010, na Unguja ilikaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009, mtaa mzima ukinguruma. Mtwara ilikuwa hivyo kwa miongo. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay, katika rasi ya Msimbati, 1982, lakini haikuanza kutumika mpaka mwisho wa 2006. Mitambo ya gesi ya Mtwara, iliyokuja kufikia megawati 18, nayo ni injini za pistoni, ila plagi imechukua nafasi ya nozeli. Fundi wa zamani huielewa kwa nusu siku.

Mpaka nao haukutulia daima. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado walivuka mto wakakishambulia kijiji cha Kitaya, na Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mto, ukavamiwa. Ulinzi wa vijiji ukawa tena gumzo la kila baraza.

Kijana aliyefunzwa mgambo 1971 akiwa na miaka ishirini, leo amevuka sabini. Atafutwe Mahurunga, Msimbati na Mikindani angali hai, aulizwe alikuwa na kazi gani kabla hajaitwa, nani alimfunza ufundi, spea alizipata wapi, na siku alizokuwa zamu mtoni nani aliiwasha mashine.