Buti la Sakania

Buti la Sakania ni kipande cha ardhi ya Kongo kilicho kusini-mashariki mwa jimbo la Haut-Katanga, ambacho hupenya ndani ya Zambia na kuutenga ukanda wa migodi wa Copperbelt na mkoa wa Luapula. Wazambia hukiita Pedicle.

Asili yake ni ushindani uliokuwapo kati ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na kampuni ya Cecil Rhodes, kila upande ukiitamani shaba ya Katanga. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alifika Bunkeya, makao ya Msiri, mtawala wa Wayeke, ili apate mkataba kwa niaba ya Rhodes, lakini Msiri alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold. Mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 uliagiza kwamba mpaka ufuate mto Luapula hadi unapotoka katika ziwa Bangweulu, kisha ushuke kusini kwa mstari ulionyooka mpaka kwenye mgawanyo wa maji, yaani mwinuko unaotenga mito iendayo Kongo na ile iendayo Zambezi. Maneno hayo yalikuwa mepesi kwenye karatasi, ila matokeo yake yaliwagawa Walala na Walamba bila wao kuulizwa.

Reli iliyotoka Rhodesia ilifika Sakania mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikaingia Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Hivyo mji huo ulijengwa kwa mzigo uliopitia mpakani. Katanga ilipojitenga chini ya Moïse Tshombe, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, mpaka huohuo ukawa njia yake ya kusini. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, alikokuwa akienda kuonana na Tshombe.

Kwa mtalii, Buti lenyewe bado ni mahali pa kupita zaidi kuliko pa kukaa: magari mengi ya Wazambia hukata kutoka Mokambo hadi Chembe, ambako daraja la Levy Mwanawasa, lililofunguliwa mwaka 2008, lilichukua nafasi ya pantoni. Kivutio kikubwa zaidi cha asili katika jimbo kipo mbali kidogo, katika hifadhi ya Kundelungu iliyoanzishwa mwaka 1970, ambamo maporomoko ya Lofoi huanguka zaidi ya mita 300, yakipendeza zaidi mvua zinapokoma kuliko mwishoni mwa kiangazi, maji yanapopungua. Anayependa historia huanzia Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, kisha huvuka mpaka wa Kasumbalesa, akiwa na pasipoti na subira ya kutosha kwa foleni ya malori, kwenda kwenye kumbukumbu ya Hammarskjöld huko Ndola.