Jenny Schecter na Chuki ya Mashabiki wa The L Word

Jenny Schecter ni mhusika wa The L Word, tamthilia ya Marekani iliyoanza kuoneshwa na chaneli ya kulipia ya Showtime tarehe 18 Januari 2004 na kukoma tarehe 8 Machi 2009, baada ya misimu sita. Ilibuniwa na Ilene Chaiken, na ndiyo tamthilia ya kwanza ya Marekani kujengwa juu ya maisha ya kundi zima la wanawake wanaopenda wanawake wenzao. Jenny, aliyeigizwa na Mkanada Mia Kirshner, ndiye anayeifungua hadithi. Ni mwandishi chipukizi anayehamia Los Angeles kuishi na mchumba wake Tim, na katika kipindi cha kwanza kabisa anachungulia ua wa jirani na kuwaona wanawake wawili wakiogelea uchi, wakipapasana. Watayarishaji walikusudia kwamba watazamaji wauone ulimwengu huo kwa macho yake. Haikuwa hivyo. Wengi walimchukia mapema, wakazidi kumchukia mwaka hadi mwaka, na alipouawa hadithini wapo walioshangilia.

Watazamaji hao hawakuja mikono mitupu. Televisheni ya Marekani ilikuwa imewapa kidogo na kuwanyang'anya upesi. Mchekeshaji Ellen DeGeneres alimfanya mhusika wake ajitangaze kuwa anapenda wanawake mwaka 1997, na mwaka uliofuata kipindi chake kikasimamishwa. Katika Buffy the Vampire Slayer, Tara aliuawa kwa risasi ya kupotea Mei 2002, mara tu baada ya kupatana na mpenzi wake Willow, na mashabiki wakawawakia waandishi kwa hasira ambayo haijapoa mpaka leo. Kwa hiyo The L Word ilipofika, ilipokelewa kama deni lililocheleweshwa. Kwa kuwa Showtime ililipiwa, wasiokuwa nayo walikusanyika Jumapili usiku kwenye nyumba za wenzao au kwenye baa zilizowasha televisheni kwa ajili hiyo tu, na kila kipindi kilijadiliwa wiki nzima. Mhusika akiwaudhi, waliudhika pamoja, tena kwa sauti. Na kwa kuwa hapakuwa na tamthilia nyingine ya namna hiyo, kila mhusika alipimwa kana kwamba ametumwa kuwawakilisha wote.

Katika msimu wa kwanza Jenny anampenda Marina, mwenye mkahawa ambako marafiki wote hukutana. Anamdanganya Tim, anafumaniwa, anafunga naye ndoa ya harakaharaka na ndoa inavunjika papo hapo. Mashabiki waliokwisha kupita hatua hizo zamani hawakuhitaji kushikwa mkono na mgeni anayejikwaa. Walitaka kukaa na Bette na Tina, wapenzi wa miaka saba wanaotafuta mtoto, au na Shane, msusi asiyetulia na mwanamke mmoja. Jenny aliwakalia njiani. Zaidi ya hayo aliandika, na maandishi yake yalisomwa ndani ya tamthilia kwa uzito mkubwa. Hadithi yake ya nguva iligeuka mzaha wa kudumu: kwa mashabiki, nguva alikuwa alama ya msanii anayejiona mkubwa kuliko kipaji chake. Mzaha huo haukuwa wa haki kabisa, maana tamthilia yenyewe ilikuwa ikimcheka Jenny hapohapo, lakini ilimcheka kwa upole mno kiasi kwamba wengi hawakuona.

Msimu wa pili, mwaka 2005, ndio uliobeba ufunguo wa mhusika huyu, na ndio uliosomwa vibaya kuliko yote. Jenny anakata nywele, anaanza kuishi na Shane, na hadithi anazoandika zinaanza kujaa picha za sarakasi, vinyago na vibanda vya maonesho. Polepole inabainika kwamba anazunguka kumbukumbu ya kubakwa alipokuwa mtoto. Watazamaji wa wakati ule waliziita picha hizo mbwembwe, na ni kweli zilikuwa nzito na za kuchosha. Lakini katika msimu huohuo kuna mpangaji mwenzao, kijana aitwaye Mark, aliyeficha kamera ndani ya nyumba ili atengeneze filamu ya maisha yao. Jenny anapozigundua, hamfukuzi kwa makelele tu. Anamwagiza akawaulize dada zake wawili ni lini mwanamume au mvulana alipowavamia kwa mara ya kwanza. Mark anashangaa: kwa nini dada zake wawe wamevamiwa? Jibu la Jenny ni kwamba hakuna mwanamke ambaye hajavamiwa, kwa wepesi au kwa uchungu. Miaka kumi na miwili baadaye, wanawake wa nchi nyingi walipoanza kusimulia hadharani habari za kudhalilishwa kwao, onesho hilo lilirudi kuzungumzwa kama kitu kilichotangulia wakati wake. Lilipotoka halikumwokoa Jenny. Msimu unamalizika Shane akimkuta bafuni akijikata mwilini na kumkumbatia. Na hata hilo wapo waliolihesabu kuwa kimojawapo cha visa vyake.

Mwaka 2006 chuki ilipata sababu ambayo Jenny hakuwa na hatia nayo. Mcheza tenisi Dana Fairbanks, kipenzi cha mashabiki, alikufa kwa saratani ya matiti kabla msimu wa tatu haujaisha. Hasira ilimwelekea Chaiken, lakini ilimpitia Jenny pia, kwa mantiki ya msibani ambayo kila mtu anaifahamu: kwa nini yule, huyu akabaki? Msimu huohuo Jenny ndiye aliyemleta Max kutoka nyumbani kwao Illinois, na ndiye aliyesimama naye mwanzoni Max alipoanza kuishi kama mwanamume huku marafiki wengine wakimtazama kwa dharau. Wema huo ulipita bila kuandikwa kwenye daftari la mtu yeyote, labda kwa sababu baadaye yeye mwenyewe aliugeuza kejeli.

Kisha ikaja habari ya mbwa. Katika msimu wa nne Jenny anachapisha kitabu, na mhakiki mmoja anakiponda. Ili alipize, anamfuata mpenzi wa mhakiki huyo, ambaye ni daktari wa mifugo. Anachukua mbwa mzee mgonjwa kwenye makazi ya wanyama, anampa jina la Sounder, anampeleka kwa daktari na kumwomba ampumzishe milele, naye anasimama pembeni akilia machozi ya kuigiza. Mtu aliyevumilia nguva na sarakasi hakuvumilia hilo. Msimu uliofuata Jenny anatembea na mbwa mwingine mdogo kwapani, Sounder wa pili, akiongoza filamu ya Lez Girls, iliyotokana na hadithi aliyoandika kuhusu rafiki zake mwenyewe. Bette amekuwa Bev, Tina amekuwa Nina, Shane amekuwa Shaun, na mwandishi amejiita Jessie na kujivika utakatifu. Hapa tamthilia ilikuwa inajichekesha yenyewe, kwani Chaiken naye alituhumiwa kwa muda mrefu kwamba aliwachota watu aliowajua na kuwatia kwenye skripti, na mashabiki wengi walimwona Jenny kuwa kivuli cha mbunifu wake.

Dalili zote zinaonesha kwamba kufikia wakati huo waandishi walikuwa wamejua jinsi Jenny anavyochukiwa, wakaamua kuifuata chuki badala ya kuijibu. Manusura wa ubakaji wa msimu wa pili akawa kituko cha kuchekesha, mwenye miwani mikubwa na amri za kipuuzi kwa wasaidizi. Kirshner aliigiza vichekesho hivyo kwa ustadi, na kwa mashabiki wachache Jenny wa msimu wa tano ndiye bora kuliko wote. Lakini uzi uliounganisha jeraha na ukatili ulikatwa. Aliyeanza kutazama mwaka 2008 hakuwa na njia ya kujua kwamba mwanamke huyu anayewatesa wote aliwahi kuwa mtu mwingine.

Ukubwa wa tofauti unaonekana akilinganishwa na Brian Kinney wa Queer as Folk, tamthilia ya wanaume wapendanao iliyooneshwa na Showtime hiyohiyo kuanzia 2000 hadi 2005. Brian ana karibu miaka thelathini, anamchukua kitandani Justin wa miaka kumi na saba, anakataa kutamka neno la mapenzi, anawatukana marafiki na kukimbia kila kinachofanana na wajibu. Naye alilaumiwa, na wapo waliomwona aibu kwa jamii yake. Hata hivyo sehemu kubwa ya mashabiki, wengi wao wanawake, walifanya kazi ya kumsoma. Mwishoni mwa msimu wa kwanza Justin anapigwa kichwani kwa gongo la besiboli usiku wa dansi ya shule. Baadaye Brian anaoneshwa akivaa chini ya shati skafu yenye damu ya kijana huyo, bila kumwambia mtu. Onesho hilo moja lilitosha kuwapa mashabiki tafsiri nzima: mtu asiyesema anachohisi lakini anakivaa shingoni. Kurasa nyingi za hadithi za mashabiki ziliandikwa kueleza utoto wake, baba yake mkali na hofu yake. Jenny alioneshwa jeraha lake waziwazi, kwa msimu mzima, na akaambiwa ana makeke. Mwanamume mkatili alisomwa kama fumbo. Mwanamke mkatili alisomwa kama mwendawazimu, tena na wanawake wenzake.

Msimu wa sita, wenye vipindi vinane tu, ulianza na maiti ya Jenny ikitolewa kwenye bwawa la Bette na Tina, kisha ukarudi nyuma kueleza miezi iliyotangulia. Kila rafiki alipewa sababu ya kumuua: Alice kaibiwa wazo la filamu, Bette anatishiwa kwa picha za video, Shane, ambaye sasa ni mpenzi wake, anagundua darini barua aliyofichwa pamoja na negativu zilizopotea za Lez Girls. Hilo lilikuwa, kwa hakika, tangazo la chuki ya mashabiki lililofanywa fumbo la kipolisi. Askari anayehoji aliigizwa na Lucy Lawless, aliyewahi kumwigiza Xena, shujaa wa kizazi kilichotangulia cha watazamaji haohao. Kipindi cha mwisho kikaisha bila kumtaja muuaji. Showtime ikaweka mtandaoni kanda za mahojiano ya washukiwa, nazo hazikumtaja pia, na tamthilia iliyokusudiwa kuendeleza kisa hicho, ikimfuata Alice gerezani, haikununuliwa. Waliomchukia Jenny zaidi ya wote ndio waliolalamika kwa nguvu zaidi: walitaka afe, lakini walitaka pia kuambiwa.

Mwanazuoni Jonathan Gray alikwisha kuandika mwaka 2003 kwamba watu wanaokichukia kipindi hukitazama kwa makini sawa na wanaokipenda, na kwamba chuki yao ni namna ya ushabiki. Historia ya Jenny inamuunga mkono. Waliomchambua kila wiki kwa dhihaka ndio waliokuja kuwa wasomaji wake wazuri. Riese Bernard, aliyejulikana kwa kuandika mihtasari ya kuchekesha ya The L Word, alianzisha chapisho la Autostraddle Machi 2009, mwezi uleule tamthilia ilipokwisha, na humo Jenny aliendelea kujadiliwa miaka mingi, safari hii kwa huruma zaidi. Mambo kadhaa yalisaidia. Tamthilia ilipopatikana yote kwa pamoja, mtu aliweza kutazama msimu wa pili na wa tano ndani ya wiki moja na kuona mstari ambao miaka mitatu ya kungoja ilikuwa imeuficha. Wahusika wanawake wanaopenda wanawake waliongezeka kwenye televisheni, hivyo mmoja hakulazimika tena kubeba heshima ya wote. Nao mashabiki walikua. Wengine waliokuwa na miaka ishirini mwaka 2004 walikuwa wamekwisha kukutana na makovu yao wenyewe. Si kwamba Jenny alisamehewa mbwa.

The L Word: Generation Q ilipoanza tarehe 8 Desemba 2019, ikiongozwa na Marja-Lewis Ryan na kuwarudisha Bette, Alice na Shane, fumbo lilifutwa kwa maneno machache: Jenny alijiua. Wapo waliopumua kwa kuwa marafiki hawakuwa wauaji. Wengine walikasirika, safari hii kwa niaba yake, wakiona kwamba mwanamke aliyewahi kuoneshwa akijikata bafuni amepewa mwisho huo bila hata kipindi kimoja cha kumlilia. Mwaka 2022, katika msimu wa tatu, Max alirudi kwa muda na kuombwa radhi kwa jinsi alivyotendewa zamani. Showtime iliifuta tamthilia hiyo Machi 2023, na radhi ya namna hiyo kwa Jenny haikuwa imeandikwa.