Obama, McCain na Bima ya Dereva wa Teksi

Wengi wetu tulioko ughaibuni tunakumbuka tulikuwa wapi usiku wa Novemba 4, 2008. Sisi tulikuwa hapa Columbus, Ohio, watu ishirini na ushee tumebanana kwenye sebule ya mwenzetu, pilau kwenye sufuria mbili, simu zinaita kutoka Kisumu, Tanga na Muscat. Obama alipotangazwa mshindi, kina mama walipiga vigelegele mpaka jirani akaja kugonga mlango. Novemba 6 Rais Kibaki akawapa Wakenya siku nzima ya mapumziko, kwa ajili ya uchaguzi wa nchi ya watu wengine.

Lakini tuseme ukweli. Miezi yote ile ya kampeni, vijiweni kwetu tulijadili baba yake Obama, kijiji cha Kogelo na jina la Hussein. Sera zake za kodi, matibabu na uchumi walizisoma wachache, na za John McCain hakuna aliyezigusa. Hata sisi wahandisi, ambao kazi yetu ni kusoma mchoro kabla ya kujenga, tulikuwa hao hao.

Aliyetukalisha chini ni mzee mmoja wa Tanga, dereva wa teksi. Alikuja Oktoba na rundo la vipeperushi vya kampeni vilivyojaa kwenye sanduku lake la barua (Ohio ilikuwa ikigombewa, kwa hiyo tulitumiwa vipeperushi kila siku). Akasema, "Wadogo zangu, ninyi mmesoma. Kati ya hawa wawili, nani atanipatia bima?" Alikuwa na kisukari, teksi ni yake, hana mwajiri. Kampuni mbili za bima zilikwisha kumkataa, na sisi tulikwisha kumchangia bili ya hospitali mara moja.

Tukachukua kalamu.

Kodi hazikutuchukua muda. Obama alitaka familia zenye kipato cha zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka zirudi kwenye viwango vya zamani, cha juu kabisa kitoke asilimia 35 hadi 39.6, na kila mfanyakazi wa kawaida apunguziwe dola 500. McCain alitaka punguzo la Rais Bush la 2001 na 2003 libaki daima, ingawa yeye mwenyewe alilipigia kura ya hapana mara zote mbili, na kodi ya makampuni ishuke kutoka asilimia 35 hadi 25. Pale sebuleni hapakuwa na mwenye dola 250,000. Fundi bomba mmoja wa hapa hapa Ohio alimwuliza Obama swali la kodi, na katika mdahalo wa Oktoba 15 wagombea wakamtaja mara nyingi kuliko wagonjwa wote wa nchi hii.

Kwenye matibabu ndipo tulipokesha. Ili mtu aelewe, lazima arudi nyuma kidogo. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya Marekani ilizuia mishahara kupanda. Waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakazidi kutoa bima badala ya nyongeza, na sheria ya kodi ya 1954 ikathibitisha kwamba thamani ya bima hiyo haikatwi kodi. Ndiyo maana hapa mtu akipoteza kazi, anapoteza na daktari. Haikupangwa na yeyote. Ni kiraka cha wakati wa vita kilichogeuka kuwa nguzo ya nyumba.

McCain ndiye aliyetaka kuigusa nguzo hiyo. Alisema bima ya kazini ihesabiwe kama mshahara na ikatwe kodi ya mapato, kisha kila mtu apewe nafuu ya kodi ya dola 2,500, na familia 5,000, ikanunue bima yake popote. Matangazo ya Obama yakapiga kelele kwamba McCain atatoza kodi matibabu yako. Tulipiga hesabu. Bima ya familia kupitia kazini mwaka ule iligharimu wastani wa zaidi ya dola 12,000. Kwa sisi tuliokuwa kwenye kiwango cha asilimia 25, kodi yake ingekuwa kama dola 3,000. Ukipewa 5,000, umebaki na 2,000 mfukoni. Tangazo lilisema nusu ya habari. Na yule mzee, asiye na mwajiri, angepewa yeye na mkewe dola 5,000 ambazo hakuwa nazo. Kwa haki, hilo lilitushangaza.

Ila kampuni zingemkataa tena. McCain aliahidi mifuko maalumu ya watu walioshindikana, lakini hakuzilazimisha kampuni kumpokea mgonjwa. Fedha unazo, mlango umefungwa. Obama alisema mlango ufunguliwe: kampuni isimkatae mtu kwa maradhi aliyokuwa nayo. Kasoro yake ni kwamba hakutaka kuwalazimisha watu wazima kukata bima, jambo ambalo Hillary Clinton alimbana nalo tangu mwanzo. Sisi wenye vyama vya kuzikana tulimwelewa mama yule mara moja. Ukiruhusu watu wajiunge siku ya msiba, chama hakifiki mwaka wa pili.

Tukamwambia mzee: Obama, lakini hesabu yake haijakaa sawa. Akajibu kwamba Obama angempigia hata tungesema vingine.

Uchumi nao ulijisemea wenyewe. Septemba 15, siku Lehman Brothers ilipofilisika, McCain alisema misingi ya uchumi ni imara, na tunaamini kauli hiyo ilimgharimu kuliko sera zake zote. Ukitazama vitendo, tofauti yao ilikuwa ndogo: Oktoba 1 wote wawili walipiga kura ya ndiyo katika Seneti kwa dola bilioni 700 za kuyaokoa mabenki.

Yaliyofuata yangemchekesha mwenye moyo wa kucheka. Dola 500 zikawa 400, katika sheria ya Februari 2009. Kiwango cha 39.6 kilirudi mwaka 2013, lakini kwa wenye zaidi ya dola 400,000, na wanandoa 450,000. Sheria ya afya ya Machi 23, 2010 ilifungua mlango kama ilivyoahidiwa, ila ikamlazimisha kila mtu awe na bima, jambo alilolikataa Obama mgombea. Ndani yake mlikuwa hata na kodi ya asilimia 40 kwa bima za kazini za bei kubwa, binamu wa wazo la McCain. Kodi hiyo iliahirishwa mara kwa mara na kufutwa Desemba 2019 bila kukusanywa. Kodi ya makampuni nayo sheria ya 2017 iliishusha hadi asilimia 21, chini kuliko alivyoomba McCain.

Bima ya mzee wetu ilianza Januari 1, 2014. Kabla ya siku hiyo tulikuwa tumemchangia mara ya pili, kwa ajili ya kidonda cha mguu.

Julai 28, 2017, yapata saa saba na nusu usiku, simu ilitulia kitandani. Seneti ilikuwa ikipigia kura mswada wa kufuta sehemu za sheria ile, na McCain, aliyetangaziwa saratani ya ubongo siku chache kabla, alinyoosha mkono, akageuza dole gumba chini. Mswada ukaanguka kwa kura 51 kwa 49. Mzee alikuwa ameegesha teksi uwanja wa ndege, anafuatilia kwenye redio.

"Mmemsikia yule babu?" akatuuliza. "Yule niliyemnyima kura?"