Alhamisi za Pinda

Kila inapozungumzwa historia ya Maswali kwa Waziri Mkuu pale bungeni Dodoma, hukumu huwa imekwisha kutoka kabla mjadala haujaanza: Mizengo Pinda alikuwa mnyonge wa Alhamisi. Alibanwa, akababaika, akalia hadharani, akasema mambo ambayo wenzake ilibidi wayafafanue kwa wiki nzima. Mrithi wake, Kassim Majaliwa, kwa hukumu hiyohiyo, ndiye aliyekuja kuonyesha jinsi kiti kile kinavyokaliwa. Naipinga hukumu hii. Ushahidi ninaoutegemea uko wazi kwa yeyote, ila wanaoufungua ni wachache: taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge, zile tunazoziita Hansard.

Hansard ni maandishi makavu. Mkutano umeanza saa tatu asubuhi, dua imesomwa, hati zimewasilishwa mezani, kisha, ikiwa ni Alhamisi, inakuja nusu saa ya Waziri Mkuu. Mbunge anashukuru kwa kupewa nafasi, anampongeza Waziri Mkuu kwa kazi nzuri hata kama dakika moja baadaye atamrarua, halafu anafika kwenye mkia wa swali: je, nini kauli ya Serikali? Jibu nalo lina mkia wake. Tumelipokea. Tutalifanyia kazi. Kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu. Katikati ya maneno hayo mwandishi wa Hansard ameweka mabano: (Makofi), (Kicheko), mara nyingine vyote viwili kwa mkupuo.

Wanaotafuta mshindi huyakimbilia mabano hayo. Wanasahau kuuliza nani alikuwa anapiga makofi. Katika Bunge la Kumi, la mwaka 2010 hadi 2015, CCM ilikuwa na zaidi ya theluthi mbili ya viti. Jibu la Waziri Mkuu lilikuwa na makofi yake hata kabla halijatamkwa, na swali la upinzani, liwe kali namna gani, lilipigiwa meza na safu chache za upande mmoja. Mabano yanatuhesabia viti, hoja hayaipimi. Magazeti hayakuwa bora zaidi. Yaliripoti Alhamisi kama yanavyoripoti Simba na Yanga: nani kambana nani, nani kapangua, nani kang'aka. Kilichosemwa hasa kilibaki aya ya sita.

Tabia ya kuwapa maksi viongozi namna hii tumeipokea kutoka Uingereza, na chanzo chake huko hakikuwa ugomvi. Mwaka 1881 William Gladstone, akiwa na miaka zaidi ya 70, alifanyiwa hisani: maswali yake yaliwekwa mwishoni mwa orodha ya siku ili mzee asilazimike kufika mapema. Hisani ikageuka desturi, desturi ikawa kero kwa sababu mara nyingi muda uliisha kabla zamu ya Waziri Mkuu haijafika, hadi mwaka 1961, chini ya Harold Macmillan, zikatengwa dakika 15 kila Jumanne na Alhamisi. Redio iliingia mwaka 1978, televisheni mwaka 1989. Mwaka 1997 Tony Blair aliviunganisha vipindi viwili kuwa nusu saa moja ya Jumatano. Baada ya hapo kila Jumatano jioni kukawa na mshindi na mshindwa.

Kwa wanaoamini maksi hizo, jina moja linatosha kuwatuliza: William Hague. Aliongoza chama cha upinzani cha Conservative kuanzia 1997 hadi 2001, na waandishi wa London, hata wasioipenda sera yake hata moja, walikiri kwamba mbele ya Blair alikuwa mchekeshaji hodari na mjibuji mwepesi. Wiki baada ya wiki alitangazwa mshindi. Uchaguzi wa mwaka 2001 ulipofika, Labour ilipata viti 413 na chama chake viti 166, kimoja tu zaidi ya vile 165 vya mwaka 1997. Hague akajiuzulu uongozi. Yapo maelezo mengi ya kushindwa kule, na sitaki kumtwisha Hague mzigo wa chama kizima. Ila miaka minne ya ushindi wa Jumatano haikumwongezea zaidi ya kiti kimoja.

Sisi tuliuchukua utaratibu huo kupitia Kanuni za Bunge toleo la 2007, enzi za Spika Samuel Sitta na Bunge lake la kasi na viwango. Kabla ya hapo mawaziri waliulizwa maswali yaliyoandikwa na kupangwa mapema, na majibu yalisomwa kutoka kwenye karatasi. Kanuni zikiwa bado mpya, Edward Lowassa alijiuzulu tarehe 7 Februari 2008 kwa sababu ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, na mtu aliyeubeba utaratibu huu mgeni kwa miaka saba akawa Pinda, mwanasheria wa Katavi aliyejiita mtoto wa mkulima.

Hapa wanaomlinganisha Pinda na mawaziri wakuu wa London wanateleza mara mbili. Kwanza, Waziri Mkuu wa Uingereza ndiye mkuu wa Serikali; wa kwetu ni msimamizi wa shughuli za kila siku za Serikali ambayo mkuu wake ni Rais, na Rais haulizwi Alhamisi. Julai 2011, sakata la Katibu Mkuu wa Nishati, David Jairo, lilipolipuka, Pinda aliwaambia wabunge waziwazi kwamba lingekuwa ndani ya mamlaka yake angekwishachukua hatua, ila alilazimika kumsubiri Rais aliyekuwa safarini. Haikuwa hata kipindi cha maswali, ilikuwa bajeti, na alichekwa. Mimi naisoma kauli ile kama maelezo sahihi kuliko yote ya Ibara ya 52 ya Katiba, ile ya madaraka ya Waziri Mkuu, yaliyowahi kutolewa bungeni kwa lugha ya mtu wa kawaida.

Pili, hatukuwa na viongozi wa vyama wanaokabiliana. Mwenyekiti wa CCM ni Rais, hayumo. Kati ya 2005 na 2010 Kiongozi wa Upinzani Bungeni alikuwa Hamad Rashid Mohamed wa Wawi, mtu makini, lakini wakuu wa chama chake cha CUF, Profesa Lipumba na Maalim Seif, walikuwa nje ya Bunge. Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA, naye hakuwa mbunge kipindi hicho, maana mwaka 2005 aligombea urais. Aliporudi na jimbo la Hai mwaka 2010 ndipo kwa mara ya kwanza Kiongozi wa Upinzani aliyekuwa pia mwenyekiti wa chama akasimama Alhamisi kuuliza, na aliyemjibu akabaki mjumbe wa mwenyekiti mwingine. Kenya ilipojaribu jambo hili wakati wa serikali ya mseto, kwa kipindi cha Waziri Mkuu cha Jumatano, ilikwama upande wa pili: wa kujibu alikuwepo, Waziri Mkuu Raila Odinga, ila upinzani rasmi haukuwepo, na mwaka 2009 yeye na Makamu wa Rais Kalonzo Musyoka waligombea hata nani awe kiongozi wa shughuli za Serikali, hadi Spika Marende akalazimika kutoa uamuzi.

Sasa nirudi kwenye jibu ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote yaliyotolewa katika utaratibu huu. Katikati ya mwaka 2008, miezi michache tangu aapishwe, Pinda aliulizwa kuhusu hadhi ya Zanzibar. Alijibu kwamba Zanzibar si nchi. Mwanasheria alikuwa anasoma Katiba ya Muungano, ambayo ibara yake ya kwanza inasema Tanzania ni nchi moja. Kwa Kanuni za Bunge hilo ni swali la sera, na jibu lake lilikuwa fupi, la wazi, lenye msingi wa maandishi. Kwa vigezo vya maksi, alipaswa kupewa kumi kwa kumi.

Visiwani hawakulipokea hivyo. Barazani, kwenye Baraza la Wawakilishi, ndani ya CUF na hata ndani ya CCM Zanzibar, watu waliokuwa hawakubaliani kwa lolote walikubaliana kwamba wametukanwa. Ilifika mahali Rais Kikwete alilazimika kulizungumzia suala hilo yeye mwenyewe alipolihutubia Bunge Agosti mwaka huohuo. Wale wanaosema Pinda aliboronga hutoa mfano huu kwanza. Wanasema mwanasiasa mzoefu angezungukazunguka: angesema Muungano wetu ni wa kipekee, tuuenzi, changamoto zinashughulikiwa na kamati ya pande mbili.

Ni kweli angesema hivyo. Na swali lingebaki pale lilipokuwa tangu Muungano wa 1964, likinong'onwa. Pinda alilitoa sebuleni. Miaka miwili baadaye, Agosti 2010, Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar yaliandika kwamba Zanzibar ni nchi, na kutaja mipaka yake. Sisemi jibu la Alhamisi ndilo lililozaa marekebisho hayo. Maridhiano ya Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na Maalim Seif ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010 ndivyo vilivyobeba mzigo, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ndiyo iliyokuwa shabaha. Lakini katiba iliyotangulia ilitosheka kuieleza Zanzibar kuwa sehemu ya Jamhuri ya Muungano. Anayetaka kueleza kwa nini mwaka 2010 neno nchi lilihitaji kuandikwa hawezi kuiruka 2008. Katiba mbili zikawa zinasema mambo mawili, na Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba ilipoanza kazi mwaka 2012 ilikuta mgongano huo uko mezani, umeandikwa pande zote. Nitajieni jibu la Majaliwa lililofanya nusu ya kazi hiyo.

Yapo majibu yake mengine ambayo siwezi kuyatetea. Januari 2009 alitokwa na machozi bungeni akieleza kauli yake kwamba wanaowaua watu wenye ualbino nao wauawe. Machozi yale yalidhihakiwa, na dhihaka hiyo naiona ya kijinga, kwa kuwa siku ile Bunge zima lilijua watu wanakatwa viungo Kanda ya Ziwa. Kauli yenyewe, hata hivyo, ilikuwa inawaruhusu wananchi kuua bila mahakama. Tarehe 20 Juni 2013, baada ya vurugu za gesi za Mtwara na siku tano tu tangu bomu lilipuke kwenye mkutano wa CHADEMA Arusha, aliulizwa kuhusu vyombo vya dola kupiga raia. Alijibu kwamba anayekaidi atapigwa, na akaongeza: muwapige tu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika vilimfikisha Mahakama Kuu, na kesi hiyo ikatupwa mwaka 2014.

Lilikuwa jibu baya la mwanasheria aliyechoka. Lakini lilitueleza Serikali inawaza nini, na hiyo ndiyo kazi ya swali. Aliyeuliza, mbunge wa CCM kutoka Kilwa Kaskazini, alipata zaidi ya alichokitarajia. Ukiangalia kwa macho ya maksi, Pinda alishindwa vibaya. Ukiangalia kwa macho ya mtu anayetaka kujua dola ilikuwa na hali gani mwaka 2013, ukurasa ule wa Hansard una thamani kuliko hotuba za bajeti za miaka mitano.

Kuhusu Majaliwa sina mengi, na hilo lenyewe ni ushahidi wangu. Miaka kumi, mwalimu mtulivu, sentensi zimenyooka, hakuna jibu lililolazimisha Ikulu kutoa ufafanuzi. Kauli yake inayokumbukwa kuliko zote haikutoka bungeni. Ilitoka Njombe Machi 2021, aliposema Rais Magufuli yupo na anaendelea na kazi, siku chache kabla ya kifo cha Rais huyo kutangazwa. Lazima niseme pia kwamba mazingira yalimsaidia. Januari 2016 televisheni ya taifa, TBC, iliacha kurusha moja kwa moja sehemu kubwa ya shughuli za Bunge kwa hoja ya gharama, tukapewa muhtasari wa usiku. Mwaka huohuo wabunge wa upinzani walisusia vikao vilivyoongozwa na Naibu Spika Tulia Ackson hadi mwisho wa Bunge la bajeti. Baada ya uchaguzi wa 2020 CHADEMA ilibaki na mbunge mmoja wa jimbo, upinzani haukufikia asilimia 12.5 ya wabunge inayotakiwa na Kanuni, na cheo cha Kiongozi wa Upinzani Bungeni kikakosa mtu.

Kanuni inayompa kiongozi huyo kipaumbele cha kuuliza Alhamisi haikuwa na wa kumhudumia. Katika Hansard za Bunge la Kumi na Mbili maswali yanaanza kwa mbunge wa chama tawala na kwa kawaida yanaishia kwake: barabara, pembejeo, ajira za vijana, nini kauli ya Serikali. Waziri Mkuu anashukuru, analipokea, na makofi yanafuata pale yanapotarajiwa. Hakuna aliyewahi kuniambia nani alishinda vikao vile.