Vyuo viwili vya Barabara ya Bibi Titi

Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam na Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, viko barabara moja, Bibi Titi Mohamed. Ukitoka kimoja unafika kingine kwa miguu. Hata hivyo, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi hapa Kawe hubishana kana kwamba mtoto akiingia kimoja amekikana kingine. Mimi nimefundisha utunzaji wa hesabu, na wanaokuja kuniuliza huwaeleza kwanza vyuo hivi vilitoka wapi.

Cha ufundi kilianza 1957, chini ya Waingereza. Walitaka mafundi wa kuwasaidia wahandisi wao, si wahandisi Waafrika. Hao walisubiri hadi 1973, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kufundisha uhandisi. CBE ilifunguliwa 1965, kwa kuwa uhuru ulitukuta na wananchi wachache mno waliosomea biashara. Azimio la Arusha lilipofuata 1967, na mabenki yakataifishwa, haja ya wahasibu ikazidi. Mwaka 1972 ikaundwa IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha.

Kawe yetu ilikuwa na mwalimu wake: kiwanda cha nyama ya kopo cha Tanganyika Packers. Baba alikuwa fundi wa boila pale. Kazi yake ilikuwa kuikodolea macho geji ya mvuke, maana presha ikishuka nyama haiivi sawasawa ndani ya kopo, na kopo la namna hiyo huvimba, likatupwa. Siku nyingine alituletea kopo zima, lenye kifunguo chake. Unakisokota, ukanda mwembamba wa bati unajiviringisha, harufu ya nyama inajaa chumba. Mtaani petu fundi aliamkiwa kwa heshima zote, kwani boila likizimika hata karani hana mshahara.

Miaka ya 1970 sekondari zikagawanywa kwa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Kaka yangu alipangiwa ufundi, mimi biashara. Hakuna aliyetuuliza tunapenda nini.

Kisha mashirika ya umma yakaanza kuanguka, na katika miaka ya 1990 mengi yakafungwa au kuuzwa. Packers nayo ikanyamaza. Leo viwanja vyake vinajulikana zaidi kwa mikutano ya injili. Watu walioona mafundi wazima wakirudi nyumbani mikono mitupu wakaapa watoto wao watasoma biashara. Uchungu wao naujua, lakini hukumu yao siikubali. Aliyekufa ni mwajiri. Ufundi ulibaki mikononi mwa watu.

Kaka alipopunguzwa kazini alianza kuchomelea mageti. Kazi yake ilikuwa safi, na pesa hazikuonekana. Akipiga bei alihesabu chuma, rodi na rangi. Umeme, mkokoteni na siku zake mwenyewe aliviacha nje. Nilimfungulia daftari, nikampigia mistari ya mapato na matumizi, nikamsimamia hadi akazoea kuandika kila jioni. Baada ya hapo alijua geti lipi linamlipa na lipi linamla.

Chuo cha Ufundi kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, mwaka 1997, na sasa kinatoa shahada. Tangu 2024 baadhi ya sekondari zimeanza kupokea wanafunzi wa mkondo wa amali, yaani wanaosomea ufundi pamoja na masomo ya kawaida. Wazazi wenzangu wa Kawe, mtoto anayependa bisibisi mpelekeni ufundi bila kuona haya, na likizo ikifika mfundisheni kutunza daftari.