Kolaji: Mkasi, gundi na karatasi zilizotupwa

Pakiti ya unga ikishamiminwa sufuriani, kwa kawaida safari yake huishia jaani, au papo hapo jikoni kuwashia moto. Kwa Rosemary Karuga safari hiyo iliendelea. Msanii huyo wa Kenya, aliyezaliwa Meru mwaka 1928 na kufariki dunia Februari 2021, alizikata pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona vipande vidogo vidogo, akavibandika kimoja kando ya kingine hadi vikawa mifugo, ndege na watu wa kijijini wakiwa katika shughuli zao.

Sanaa ya namna hiyo huitwa kolaji. Jina limetokana na kitenzi cha Kifaransa coller, chenye maana ya kubandika kwa gundi. Ni picha isiyochorwa kwa kalamu wala kupakwa kwa brashi, bali iliyoundwa kwa vitu vilivyokuwapo tayari: magazeti, picha, vitambaa, tiketi, barua.

Hapo ndipo inapotofautiana na sanaa nyingine. Rangi inayotoka katika kopo haina habari yoyote ya kusimulia. Kipande cha gazeti kimekwisha kupita mikononi mwa watu. Kina bei, tangazo, uso wa mwanasiasa, au tarehe ya siku ambayo mtu aliinunua sukari. Anayekikata hulazimika kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke, na katika kuamua huko hujikuta akijibizana na jamii iliyoichapisha karatasi ile.

Kutoka Paris hadi Berlin

Kubandika karatasi ili kupamba ni jambo la kale. Nchini Japani, katika karne ya 12, mashairi yaliandikwa juu ya karatasi za rangi zilizounganishwa kwa ustadi mkubwa. Na nani katika Afrika Mashariki asiyekumbuka nyumba za udongo ambazo kuta zake zilibandikwa magazeti na kalenda kuukuu, mtoto akajifunzia kusoma humo akiwa amelala kitandani?

Hata hivyo, kolaji kama tawi la sanaa ya kisasa huhesabiwa tangu mwaka 1912, pale Pablo Picasso na Georges Braque, wakiwa Ufaransa, walipoanza kugundisha karatasi na vitambaa katika picha zao. Wao walishughulishwa zaidi na umbo. Waliokuja kuugeuza mkasi kuwa chombo cha kuihoji jamii ni wasanii wa Berlin baada ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Mmoja wao alikuwa Hannah Höch. Katika kolaji yake kubwa ya miaka ya 1919 na 1920, alikata vichwa vya wakuu wa Ujerumani na kuvipachika juu ya miili isiyo yao, katikati ya magurudumu na mitambo. Pembeni kabisa, chini upande wa kulia, aliweka ramani ndogo ya nchi za Ulaya ambako wanawake walikuwa wamepata haki ya kupiga kura, na karibu nayo akabandika sura yake mwenyewe. Wanawake wa Ujerumani walipiga kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa taifa Januari 1919. Mtazamaji asiye na subira anaweza kuipita pembe hiyo bila kuiona, ilhali mimi naona uzito wote wa picha umelala hapo: mtu mmoja anajiuliza yuko wapi katika nchi inayobadilika.

Mwalimu aliyerudi kwenye sanaa

Karuga alisomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Kampala, kati ya mwaka 1950 na 1952, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata elimu hiyo. Baada ya hapo akawa mwalimu, akaolewa, akalea watoto. Miongo ikapita. Ni katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, akikaribia umri wa miaka 60, alipoirudia sanaa kwa nguvu zake zote, akapata nafasi ya kufanya kazi katika kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi, kilichoanzishwa miaka ya 1960 na wasanii akiwamo Elimo Njau.

Siku hizi wako wanaomsifu kama mtangulizi wa wale wanaotumia taka kwa ajili ya kuhifadhi mazingira. Sifa hiyo ni nzuri, lakini inaficha jambo. Karuga alitumia karatasi za sabuni kwa sababu rangi za mafuta na turubai vilikuwa ghali kupita uwezo wake. Pakiti zile zinatuambia ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuitwa msanii katika Kenya ya wakati ule na ni nani aliyesubiri hadi kustaafu.

Akitazamwa kwa mbali, kondoo wa Karuga ni kondoo tu. Ukimkaribia, unaona herufi za jina la bidhaa zikipita mgongoni mwake, na rangi nyekundu ya tangazo imekuwa udongo wa barabara. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York, katika jumba la Studio Museum lililoko Harlem, mtaa ambao msanii Mmarekani mweusi Romare Bearden alikuwa ameusimulia kwa kolaji miaka mingi kabla. Katika uzee wake alihamia Ireland, alikokuwa akiishi binti yake.

Mutu na majarida ya urembo

Mkenya mwingine aliyeipa kolaji umaarufu duniani ni Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na kusomea sanaa Marekani, hadi Chuo Kikuu cha Yale, alikohitimu mwaka 2000. Mutu hakukosa rangi. Alichagua majarida kwa makusudi: ya mitindo, ya pikipiki, ya safari na wanyamapori, hata yale ya picha za utupu. Aliona kwamba humo ndimo mwili wa mwanamke, hasa mwanamke Mwafrika, unamouzwa na kutolewa maana.

Katika mfululizo wake wa mwaka 2001, wanawake wanasimama kwa madaha kama warembo wa kwenye kalenda. Ukitazama tena, baadhi yao hawana mkono au mguu. Vita vya Sierra Leone, ambako waasi waliwakata watu viungo huku almasi zikisafirishwa nje, vilikuwa bado havijamalizika. Miaka michache baadaye alichukua michoro ya vitabu vya kale vya utabibu, inayoonyesha maradhi ya viungo vya uzazi, akaijengea nyuso juu yake. Si picha za kutundikwa sebuleni kwa kila mtu, wala hazikukusudiwa hivyo.

Al Wukair, mbali na studio

Tofauti na uchongaji au uchoraji wa mafuta, kolaji haidai chumba maalumu, na kwa hiyo inawafaa watu walio mbali na kwao. Chukua mfano wa Al Wukair, mji ulio kusini mwa Doha katika manispaa ya Al Wakrah. Si mbali na hapo upo uwanja wa Al Janoub, uliotumika katika Kombe la Dunia la mwaka 2022. Nchini Qatar wanaishi Wakenya, Waganda na Watanzania wengi: walinzi, madereva, wauguzi, wafanyakazi wa nyumbani, wahandisi.

Mtu wa namna hiyo ana karatasi nyingi kuliko anavyodhani. Kuna risiti za kutuma fedha nyumbani, bahasha ya kadi ya simu, mfuko wa mchele, vipeperushi vya maduka kwa Kiarabu na Kiingereza, kipande cha tiketi ya ndege. Picha anazowatumia jamaa zake huonyesha maghorofa na bahari. Risiti husema mengine: ni miezi mingapi, ni kiasi gani, ni ada ya shule ya nani. Kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi kilianza kutumika nchini humo Machi 2021, na anayeziweka risiti za kabla na za baada ya hapo katika karatasi moja atakuwa ameandika historia ya uchumi kwa mkono wake.

Vifaa ni vichache. Mkasi, karatasi ngumu ya kuwa msingi, na gundi. Uji mzito wa unga wa ngano unatosha, ingawa mende huupenda mno. Vipande hupangwa kwanza bila kugundishwa, vikahamishwa na kugeuzwa hata kwa siku kadhaa. Muda huo wa kuhamisha ndio wenye faida kubwa zaidi. Mara nyingi mtu hugundua kwamba kile alichokiweka katikati kinastahili kuwa pembeni, na kwamba kuna sura ambayo amekuwa akiikwepa.

Yapo ya kuangalia. Mkataba wa kazi na hati ya kusafiria visikatwe kamwe, nakala yatosha. Gazeti la Kiarabu huweza kuwa na aya ya Kurani au jina la Mwenyezi Mungu, na ukurasa huo huwekwa kando kwa heshima. Sheria za Qatar pia ni kali kuhusu kusambaza picha za watu bila idhini yao, kwa hiyo sura ya mwajiri au ya mwenzako wa chumbani isiingizwe katika kazi itakayotumwa kwa simu.

Karatasi za dukani hufifia upesi juani, na wino wa risiti hupotea wenyewe hata gizani. Anayetaka maneno yabaki huzitoa nakala risiti zake kabla ya kuzibandika, na nyuma ya kazi huandika tarehe na mahali kwa penseli.